Tovuti ya tiketi na simu ya wakala wa Kahama

Mama anayeuza mchele wa jumla Kahama, akitaka kuwa Dar es Salaam kesho, hafungui tovuti. Anampigia simu wakala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka Dar kesho, nirudi Ijumaa."

"Ya asubuhi imejaa. Ipo ya saa kumi jioni kutokea Mwanza. Ondoka Kahama saa mbili asubuhi ili barabara isikuhangaishe. Bei niliyokutumia ni yote, hakuna cha kuongeza. Mzigo kilo 23, usizidishe. Jina niandike lile la kwenye kitambulisho?"

Dakika tatu zimetosha. Pesa inatumwa kwa simu, tiketi inarudi kwa WhatsApp. Nimetengeneza mifumo ya tiketi kwa miaka kadhaa, na vijana wanaoanzisha tovuti mpya za kukata tiketi za ndege huku Kanda ya Ziwa huniuliza swali moja: tuitangazeje? Huwa nawaomba kwanza waisikilize simu hiyo tena, taratibu. Mshindani wao hayuko Nairobi wala Ulaya. Mshindani wao ni wakala huyo, na kila sentensi aliyoitamka ni kazi ambayo tovuti nyingi hazijaifanya.

Tuanze na saa, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wakiumia zaidi.

Mashirika ya ndege huandika muda kwa saa 24. Tiketi ikisema 07:00, msomaji wa Kiswahili anaona saba, na mdomo wake unatamka "saa saba" kabla akili haijakumbuka kwamba hiyo ni saa moja asubuhi. Kwa aliyezoea kusafiri ni jambo dogo. Kwa anayepanda ndege mara ya kwanza, ni tofauti ya saa sita na nauli iliyopotea. Dawa yake haina gharama: andika "saa 1:00 asubuhi (07:00)", Kiswahili kikitangulia, kwenye skrini, kwenye tiketi na kwenye ujumbe wa simu. Halafu ongeza sentensi ya wakala: uwe uwanjani saa ngapi, uondoke mjini kwako saa ngapi.

Usiku una mtego mkubwa zaidi. Wafanyabiashara wa Kahama na Geita wanaofuata bidhaa Guangzhou au Dubai mara nyingi hupewa ndege zinazoondoka Dar es Salaam baada ya saa sita usiku. Mjomba wangu alikuwa na tiketi iliyoandikwa 00:40, Jumatano. Alifika uwanjani Jumatano jioni, amepiga pasi shati lake jeupe, wakati ndege yake ilishaondoka karibu siku nzima kabla. Hakuwa mzembe, alisoma "usiku wa Jumatano" kama wengi wetu tunavyousoma leo, yaani usiku unaofuata mchana wa Jumatano. Wazee wa pwani, ambao kwa hesabu yao usiku hutangulia mchana, wangeielewa tiketi ile bila shida. Lakini lugha yetu ina maneno yasiyomwacha mtu yeyote njia panda: "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano". Maneno matano. Sijui kwa nini tunayatumia kwenye taarifa za misiba na ajali na hatuyatumii kwenye tiketi.

Baada ya saa, mahali. Ukiwa Geita mjini na ukaona kwenye orodha uwanja unaoitwa Geita, utaubonyeza. Uwanja huo uko wilayani Chato, iliyokuwa sehemu ya Kagera kabla Mkoa wa Geita haujaanzishwa mwaka 2012, na kutoka Geita mjini ni safari ya kupangwa. Kwa watu wengi wa Geita mjini, Nyarugusu au Katoro, Mwanza ndiko kwenye ndege nyingi, na njia yake imebadilika: tangu Daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, msafiri hasubiri tena foleni ya kivuko ambayo hakuna aliyeweza kuihesabu. Wa Shinyanga mjini naye atataka kujua kama kuna ndege Ibadakuli siku hiyo au aelekee Mwanza kwa barabara. Tovuti ya kimataifa haiwezi kumjibu. Tovuti ya hapa inaweza, na hiyo ndiyo nafasi yake. Isimuulize abiria "uwanja gani?" Imuulize "unatokea wapi?", kisha impe viwanja vilivyo karibu, muda wa barabarani kufika kila kimoja, na nauli ya kila kimoja.

Kuhusu bei, wengi mtakumbuka Novemba 2012, Fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Nauli ya kuanzia ilitangazwa kuwa dola 20 za Marekani, kabla ya kodi na tozo. Kampuni ile ilifanya jambo kubwa: ilikubali malipo ya simu, na iliwapandisha ndege watu wengi ambao hawakuwahi kufikiri kwamba ndege ni yao. Hata hivyo yale maneno "kabla ya kodi na tozo" yaliacha somo. Mtu anayeona bei moja mwanzoni na nyingine mwishoni hajali kwamba tofauti ni kodi ya ongezeko la thamani na ada za uwanjani. Anachojua ni kwamba ameambiwa hivi kisha ikawa vile. Bei ya kwanza kuonekana iwe ile atakayokatwa.

Kuna sababu nyingine ya bei kuruka, ya kiufundi, na inafaa kuelezwa kwa sababu abiria huidhania ni ulaghai. Tovuti ya tiketi haina viti vyake. Viti viko kwenye kompyuta za shirika la ndege, na tovuti huviuliza moja kwa moja au kupitia mitambo ya kati kama Sabre, uliozaliwa American Airlines kwa msaada wa IBM, na Amadeus, ulioanzishwa mwaka 1987 na mashirika manne ya Ulaya. Kuuliza kila mara kuna gharama na kunachukua sekunde, hivyo tovuti hutunza majibu ya zamani na kuyaonyesha tena. Wewe unaona bei ya nusu saa iliyopita. Viti vya bei hiyo vimekwisha. Ukifika kulipa, bei imepanda. Tiba si kuuliza kila sekunde. Tiba ni kuuliza upya abiria anapochagua ndege, kabla hajaandika jina lake. Akiambiwa hapo kwamba bei imepanda, anaona soko. Akiambiwa baada ya kujaza fomu nzima, anaona mtego.

Na orodha ya ndege ipangwe kwa haki. Mashirika ya Marekani yaliyomiliki mitambo hiyo yaliwahi kuziweka ndege zao juu na za wenzao chini, mpaka serikali ikapiga marufuku mwaka 1984. Tovuti mpya inayopandisha juu safari inayoilipa kamisheni nene itajulikana Kahama ndani ya msimu mmoja.

Jina ni jambo fupi ila limenikera muda mrefu. Huku Usukumani watu wanaitwa Ng'wandu, Ng'wigulu, Ng'hwani. Nimejaribu fomu ambazo zikiona ile alama ya kibainishi zinaandika kwa rangi nyekundu kwamba jina si sahihi. Jina la mtu alilopewa na babu yake! Mitambo ya ndege kwa kweli haiipokei alama hiyo, lakini kazi ya kuiondoa ni ya kompyuta: ipokee Ng'wandu, ipeleke NGWANDU, na imweleze abiria kwamba ndivyo litakavyoonekana kwenye tiketi na halina tatizo. Vivyo hivyo kitambulisho cha taifa kina majina matatu huku fomu ikitaka mawili, na wengi hawajui la kati liende wapi. Weka picha ya kitambulisho cha mfano, onyesha kwa mshale. Na namba za vitambulisho zikishakusanywa zilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitofautishi kampuni kubwa na chumba kimoja cha vijana watatu pale Mwanza.

Sasa pesa. Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo watu wa migodini na sokoni wamezoea simu kuwa pochi. Tovuti inayotanguliza kadi ya benki imeshawaambia wengi wao waondoke. Ila kupokea malipo ya simu ndiyo nusu rahisi. Nusu ngumu ni sentensi ambayo kila wakala ameshaisikia: pesa imekatwa, tiketi haijatoka.

Inatokea hivi. Ukichagua ndege, shirika hukushikia kiti na kutoa msimbo wa herufi na tarakimu sita. Msimbo huo si tiketi. Ni ahadi yenye muda, na muda ukiisha kiti kinarudi sokoni. Tiketi yenyewe ni namba ya tarakimu 13, ambayo tatu za mwanzo ni za shirika. Za Air Tanzania ni 197. Tangu Juni 2008, IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilipomaliza tiketi za karatasi, namba hiyo ndiyo tiketi, na karatasi unayochapisha ni kumbukumbu tu. Kati ya kushika kiti na kutoa namba kuna safari ya pesa: kutoka simu yako, kwa kampuni ya simu, kwa tovuti. Mtandao ukikatika katikati, pesa imeondoka, tovuti haijapata habari, na muda wa kiti unayoyoma. Abiria, kwa hofu, anabonyeza tena. Anakatwa mara mbili.

Mfumo mzuri hutengenezwa kwa kudhani kwamba mtandao utakatika. Kila oda ina namba yake ya kumbukumbu, na malipo ya pili yenye namba ileile hukataliwa. Tovuti haikai kusubiri kuambiwa. Kila baada ya sekunde chache inaiuliza kampuni ya simu yenyewe: oda hii imelipwa? Na wakati huohuo inamtumia abiria ujumbe wa kawaida, usiohitaji bando: "Tumepokea pesa yako. Tiketi inatengenezwa. Usilipe tena." Ikishindikana, pesa inarudi bila yeye kuomba, na anaambiwa itarudi lini. Ningekuwa na shilingi za kutosha kwa jambo moja tu, ningeziweka zote hapa, na matangazo yasubiri.

Maana tangazo huleta watu mlangoni, haliwaingizi ndani. Tuseme watu 1,000 wamefungua tovuti, 400 wametafuta safari, 60 wamefika kwenye malipo, 15 wamelipa. Mwenye tovuti akiona 15 hukimbilia kununua tangazo la kuleta wengine 1,000. Mimi ningekwenda kuwatafuta wale 45 walioishia kwenye malipo. Njia ninayoiamini ni ya kizamani: nenda Katoro siku yenye watu, na simu ya bei nafuu yenye bando la kawaida. Mpe mtu akate tiketi ya kuigiza, wewe ukae kimya. Tazama kidole chake kinasita wapi.

Hayo yakitengemaa, kutangaza kuna njia yake huku. Anayetafuta kwenye Google hataandika "uhifadhi wa safari za anga". Ataandika "nauli ya ndege Mwanza Dar". Kila safari iwe na ukurasa wake, mwepesi, wenye maneno hayo na majibu ya kweli: nauli, siku, kilo za mzigo, jinsi ya kufika uwanjani. Redioni, iwe Storm FM ya Geita au Radio Faraja ya Shinyanga, usisome anwani ndefu ya tovuti. Mtu yuko kwenye pikipiki, hataikumbuka. Jibu swali moja tu kila wiki, kwa mfano hilo la usiku wa kuamkia, kisha taja jina la tovuti mara mbili. Tangaza pesa inapoingia mifukoni: msimu wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida Mei, mpunga unapovunwa, na zamu za migodini zinapobadilishana.

Na wakala? Wengi wanataka kumuua. Nawashauri wampe akaunti. Akate tiketi za wateja wake kupitia tovuti, apate kamisheni yake, na jina lake libaki kwenye ujumbe anaopokea yule mama wa mchele. Uaminifu alioujenga kwa miaka hauwezi kununuliwa kwa bango la barabarani.

Kwenye maonyesho ya madini pale Bombambili, Geita, ambako wachimbaji wadogo, wauza mitambo na mabenki hukutana kila mwaka, jaribu kuweka meza na kusikiliza watu wanauliza nini. Nilipofanya hivyo nilijiandaa kueleza punguzo na pointi za wasafiri wa mara kwa mara. Mzee mmoja mchimbaji alizungusha simu mkononi, akatazama skrini kwa muda, akaniuliza, "Ndege ikighairishwa, nampigia nani?" Kwenye tovuti niliyokuwa nikiionyesha, namba ya simu ilikuwa kwenye ukurasa wa saba, na aliyeipokea alikuwa anajibu kwa Kiingereza. Wiki ileile tuliihamishia juu kabisa ya kila ukurasa, tukamwajiri dada wa Shinyanga ambaye mteja akianza na "mwangaluka", anajibu kwa Kisukuma.