GOFU: MCHEZO USIO NA FILIMBI
Maneno na kanuni za kwanza kwa wanaoanza kujifunza

Mtu apitaye kando ya bonde la Kitante mjini Kampala, kati ya vilima vya Kololo na Nakasero, huwaona watu wakitembea taratibu majanini, wengine wakifuatwa na vijana waliobeba mifuko ya fimbo. Husimama, hupiga mpira mdogo mweupe, kisha huufuata uendako. Hakuna kelele, hakuna filimbi, na mwamuzi haonekani. Mpita njia hujiuliza: mchezo gani huu, na ni nani ahukumuye kwamba fulani ameshinda?

Jibu ni kwamba mchezaji hujihukumu mwenyewe. Katika mashindano makubwa waamuzi huwapo, lakini hata huko hawawezi kumfuata kila mtu vichakani. Kwa hiyo kanuni zote za gofu zimejengwa juu ya msingi mmoja: kila mtu ahesabu mapigo yake kwa uaminifu. Viwanja vipo pia Entebbe, Jinja, Mbale na Tororo, na vijana wengi hujipatia riziki kwa kubeba mifuko ya wachezaji. Yafaa basi mchezo huu ufahamike hata katika nyumba ambazo hazijawahi kushika fimbo yake.

LENGO LA MCHEZO

Mchezaji huanzia mahali palipotengwa, akaupiga mpira mpaka uingie katika shimo lenye upana wa milimita 108. Akimaliza shimo hilo huendelea na la pili. Uwanja kamili una mashimo 18. Desturi hiyo ilitoka St Andrews, huko Uskochi, ambako mwaka 1764 mashimo yalipunguzwa kutoka 22 hadi 18. Kanuni za kwanza zilizoandikwa ni za mwaka 1744, za wachezaji wa Leith karibu na Edinburgh, nazo zilikuwa 13 tu. Aliyemaliza kwa mapigo machache kuliko wenzake ndiye mshindi.

MANENO YA UWANJANI

Mahali pa kuanzia huitwa tii. Jina hilo hilo hupewa kijiti kidogo kinachochomekwa ardhini ili mpira ukae juu yake kwa pigo la kwanza. Kutoka hapo huanza feawei, yaani njia ya majani yaliyokatwa vizuri. Kandokando yake kuna rafu, ambako majani ni marefu na mpira hupigika kwa shida. Shimo la mchanga lililowekwa kuwa mtego huitwa banka. Mwisho wa safari ni grini, uwanja mdogo wa majani mafupi sana kama zulia, na humo ndimo lilimo shimo lenye bendera.

Mchezaji haruhusiwi kubeba fimbo zaidi ya 14. Draiva ni fimbo ndefu ya kupigia mbali kutoka kwenye tii. Fimbo za chuma hutambulikana kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mpira upandavyo juu zaidi na kwenda karibu zaidi. Pati ni fimbo ya kuusukuma mpira polepole juu ya grini. Kijana abebaye mfuko huitwa kedi. Kedi hodari huwa pia mshauri, kwa maana aujua uwanja kama mkulima aijuavyo shamba lake.

HESABU YA MAPIGO

Kila shimo lina idadi ya mapigo ambayo mchezaji bora hutazamiwa kuitumia. Idadi hiyo huitwa paa, neno lisilohusiana na paa la nyumba wala paa wa porini. Shimo fupi lina paa ya tatu, la kadiri nne, na refu tano. Viwanja vingi vya mashimo 18 vina jumla ya paa 72.

Anayemaliza kwa pigo moja pungufu ya paa amepata bedi. Akipunguza mapigo mawili amepata igo, jina la ndege tai. Akizidisha pigo moja amepata bogi, na akizidisha mawili amepata bogi mbili. Mwanafunzi asione haya kwa bogi, kwani hata wachezaji wa miaka mingi huzipata kila juma.

Kuna pia hendikapu, idadi ya mapigo ambayo mchezaji hupunguziwa kulingana na uwezo wake. Chukua mfano wa watu wawili. Fundi mwenye hendikapu ya 4 apiga mapigo 80, na mwanafunzi mwenye hendikapu ya 20 apiga 95. Wa kwanza abaki na 76, wa pili na 75. Mwanafunzi ameshinda! Kwa njia hiyo baba na binti, au mzee na kijana, waweza kushindana kwa haki. Tangu mwaka 2020 nchi nyingi hufuata utaratibu mmoja wa hendikapu, na kiwango cha juu kabisa ni 54.

MPIRA UKIPATWA NA TAABU

Kanuni iliyo mama wa nyingine zote ni hii: upige mpira pale ulipolala, na uwanja uukubali jinsi ulivyoukuta. Hairuhusiwi kuusogeza mpira kwa mguu wala kuvunja tawi lililouzuia.

Mpira ukipotea, mchezaji ana dakika tatu tu za kuutafuta. Kabla ya mwaka 2019 zilikuwa tano. Usipoonekana, au ukivuka vigingi vyeupe vya mpaka, hurudi alikoupigia na kuongeza pigo moja la adhabu. Kwa hiyo aliyepoteza mpira wa kwanza kutoka kwenye tii sasa apiga pigo la tatu.

Vigingi vyekundu au vya manjano huonyesha eneo la adhabu, kwa kawaida mto, ziwa au bwawa. Mchezaji aweza kuupiga mpira humo bila adhabu, au kuutoa nje kwa kuongezewa pigo moja. Anayetoa mpira huudondosha kutoka kimo cha goti. Katika banka, fimbo isiguse mchanga mbele au nyuma ya mpira kabla ya kupiga, wala katika pigo la kujaribia. Juu ya grini, mpira waweza kuwekewa alama, kuokotwa na kufutwa uchafu.

Klabu nazo huweka kanuni za mahali pake. Ya Jinja imejulikana mbali. Viboko hutoka majini usiku wakaja kula majani ya uwanja, nao huacha nyayo zenye kina. Mpira ukitua ndani ya unyayo wa kiboko, mchezaji aliruhusiwa kuuokota na kuudondosha kando bila adhabu.

ADABU

Anayepiga apewe kimya, na mtu asisimame mbele yake. Mpira ukielekea kwa watu, aliyeupiga apaze sauti mara moja, "Foo!", ili wajikinge. Kipande cha majani kilichong'oka kirudishwe mahali pake, na mchanga wa banka usawazishwe kabla ya kuondoka. Anayekuja nyuma naye ana haki ya kuukuta uwanja ukiwa mzuri.

KADI NA DHAMIRI

Katika mashindano ya mapigo, kadi ya kila mchezaji huandikwa na mwenzake. Mwisho mwenyewe huikagua, wote wawili hutia sahihi, na hapo neno limekwisha. Akitia sahihi idadi iliyo chini ya ile aliyopiga katika shimo lolote, hutolewa mashindanoni. Ikiwa ya juu zaidi, hubaki hivyo hivyo.

Roberto De Vicenzo wa Argentina aliijua ladha ya kanuni hiyo mwaka 1968 huko Augusta, Marekani, siku aliyotimiza miaka 45. Katika shimo la 17 alipiga mapigo matatu, lakini mwenzake aliandika manne. De Vicenzo hakuligundua kosa, akatia sahihi. Pigo hilo lisilopigwa likamnyima nafasi ya kurudiana na Bob Goalby, na Goalby akatangazwa bingwa. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na huyu alikuwa nalo daftari ila hakulisoma.

Bobby Jones wa Marekani alikutana na mtihani wa aina nyingine mwaka 1925, katika mashindano ya ubingwa wa nchi yake. Mpira wake ulitikisika majanini alipokuwa akijitayarisha kupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Jones alijishtaki mwenyewe na kujiongezea pigo moja. Mwisho wa mashindano alikuwa sawa na Willie Macfarlane, wakarudiana, naye akashindwa. Bila pigo lile angekuwa bingwa. Inasimuliwa kwamba watu walipomsifu hakupendezwa, akawaambia ni sawa na kumsifu mtu kwa kuwa hakuiba benki.

Kijana anayeanza gofu ataona kwamba mkono hujifunza kupiga kwa miezi mingi, na makosa hayana idadi. Kuhesabu kwa kweli aweza kukuanza siku ya kwanza kabisa. Mpira wake utakapolala rafuni, nyuma ya mti, wenzake wakiwa mbali, hapo ndipo atakapochagua kuwa mchezaji wa gofu au mtu aliyebeba fimbo tu.