Kikohozi cha ku mashimo hakingoji mlipuko uishe

Kuna kikohozi ambacho watu wa Beni na Butembo walijifunza kukificha. Ilianza mwaka 2018. Tarehe 1 Agosti serikali ilitangaza Ebola, iliyoonekana kwanza mu Mangina, halafu ikapanda mpaka Beni, Butembo, Katwa, na hata ku Biakato. Kila njia ulikuta maji ya klore na mtu wa kupima joto. Homa, kukonda, damu ku makohozi: dalili hizo za kifua kikuu ziliweza kumfanya mtu ashukiwe Ebola. Aliyeogopa kupelekwa CTE alibaki nyumbani, akilala chumba kimoja na watoto.

Ebola ile ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2.200. Lakini tangu mwezi wa tatu mwaka ule Covid ilikuwa imekwisha kuingia Kinshasa, na kikohozi kikapata mashitaka ya pili. Mu dunia yote, wagonjwa wapya wa kifua kikuu walioandikishwa walishuka kutoka milioni 7,1 mwaka 2019 mpaka milioni 5,8 mwaka 2020. Ugonjwa haukupungua. Waliopimwa njo walipungua.

Kwa mchimbaji hatari ni mara mbili. Vumbi la jiwe jeupe linaharibu mapafu polepole, na mapafu yaliyoharibika yanashikwa upesi na kifua kikuu. Tena usiku watu kumi wanalala chini ya hema moja, na shimo likikauka wanahama: leo Mangina, kesho Biakato, kesho kutwa Manguredjipa. Muganga atawafuata wapi?

Hapo njo tunafika ku jambo lenyewe. Wakati wa mlipuko, heri makohozi yatembee kuliko mgonjwa. RECO, ao mtu aliyepona kifua kikuu, anapita nyumba kwa nyumba, hata ku mashimo. Anabaki pa nje, mbali kidogo, na kinyago ku mdomo. Anauliza: unakohoa tangu juma mbili? Unalowa jasho usiku? Umekonda? Una homa? Kama jibu ni ndiyo, anaacha kikopo chenye kifuniko. Unakohoa pa nje ku hewa, si ndani ya nyumba wala hema, unafunga vizuri, na kikopo kinaenda ku labo. Mashini ya GeneXpert inajibu kwa masaa karibu mawili. (Mashini za namna ile ile zilipima Ebola, halafu Covid. Wakubwa wetu wakumbuke hilo: mlipuko mwingine ukiingia, zisichukuliwe zote.)

Na kwa nini jirani, si jeep? Tunajua sisi wenyewe. Mu Februari 2019 CTE ya Katwa na ile ya Butembo zilishambuliwa kwa juma moja. Gari la riposti likisimama, watu walikimbia. Mtu anayejulikana ku avenue akibisha, wanafungua, zaidi kama yeye mwenyewe alikunywa dawa zile akapona. Mu inchi yetu wako walioungana, kama Club des Amis Damien.

Dawa ni za bure, myezi sita: miwili ya kwanza dawa ine pamoja, halafu mine yenye dawa mbili. Mukojo utakuwa mwekundu. Si damu, ni dawa. Shida kubwa ni mwezi wa pili. Mtu anasikia nguvu, anarudi ku shimo, anaacha dawa, na ugonjwa unarudi, pengine ukiwa sugu. Unahama ao unakimbia vita? Beba fishi yako na dawa. Kama muda unaruhusu, omba muganga barua ya kukuhamisha, ili kituo kingine kiendeleze pale ulipofikia.

Kwa ba PDG: msifukuze anayekohoa. Ukimfukuza, wenzake watakuficha. Akikunywa dawa sawasawa kwa majuma machache, hataambukiza tena kama mbele.

Na wewe mama, kama bwana amerudi kutoka Manguredjipa na shati linamzidi, usimuulize kwanza amekuletea zahabu ngapi. Muulize kama analowa jasho usiku. Ukienda naye kupimwa, peleka watoto pia. Wale wa chini ya myaka tano, hata kama hawakohoi, iko dawa ya kuwakinga.