Bakteria wa Utumboni: Kutoka Majani ya Mikumi hadi Mwani

Bakteria wa utumboni huvunja kabohaidreti ambazo mwili wenyewe hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Maarufu zaidi ni selulosi, ile inayoyapa majani na mabua ugumu wake. Imeundwa kwa glukosi, sukari ileile iliyomo kwenye wanga wa mahindi, ila viungo vyake vimeshikana kwa namna nyingine, na ng'ombe, mbuzi au binadamu hana cha kuvikatia. Nyati wa tambarare ya Mkata, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, angekufa njaa katikati ya majani kama si bakteria anaotembea nao.

Nyati amewaweka mbele. Majani huchachuka kwenye tumbo la kwanza, hucheuliwa, hutafunwa upya na kurudi. Bakteria wakishakula hutoa asidi ambazo nyati huzifanya nishati, na wao wenyewe wakishuka chini humeng'enywa kama protini. Pundamilia hacheui, bakteria wake wako nyuma, kwenye utumbo mpana. Faida anayoipata kwa kila jani ni ndogo, lakini chakula hupita upesi, hivyo anaweza kula mabua makavu kwa wingi. Tembo naye ni wa kundi hilo la pundamilia. Kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, inayoikatiza hifadhi, bonge la kinyesi chake likipasuliwa huonekana vijiti, nyuzi za magome, hata mbegu nzima, kwa kuwa zaidi ya nusu ya alichokula hutoka bila kumeng'enywa. Ndama wa tembo hula kinyesi cha mama yake, na humo hupata bakteria atakaowahitaji atakapoanza kula majani.

Binadamu yuko upande wa pundamilia. Mate, kongosho na utumbo mwembamba humaliza sukari na sehemu kubwa ya wanga. Kinachobaki huwafikia bakteria wa utumbo mpana. Mmoja wao, Bacteroides thetaiotaomicron, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2003, ana jeni zaidi ya 200 za vimeng'enya vya kukata kabohaidreti. Za binadamu kwa kazi hiyo ni chache mno.

Mfano wa karibu uko kwenye sufuria. Ugali au wali ukipoa usiku kucha, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kukaza. Anayekula kiporo hicho asubuhi kwa chai, Kilosa au popote, huwapelekea bakteria wake wanga ambao utumbo mwembamba umeshindwa kuuvunja. Nyuzinyuzi za dona nazo hufika huko, pamoja na sukari za maharage na kunde, zile zinazojaza tumbo gesi. Gesi hiyo ni dalili kwamba bakteria wako kazini. Pamoja nayo hutoa butireti, asidi ambayo chembe za ukuta wa utumbo mpana huitegemea kwa chakula kuliko kitu kingine chochote.

Mwani ni mtihani mwingine. Kabohaidreti zake zimebeba salfa, kitu kisichopatikana kwenye kabohaidreti za mimea ya nchi kavu, na kwa watu wengi hupita zilivyo. Mwaka 2010 Jan-Hendrik Hehemann na wenzake, waliofanya kazi Roscoff, Ufaransa, walieleza kimeng'enya cha bakteria wa baharini, Zobellia galactanivorans, kinachokata porfirani, kabohaidreti ya mwani uitwao nori. Walipotafuta jeni zake kwingine, walizikuta kwa bakteria wa utumboni mwa Wajapani. Kwa Wamarekani waliolinganishwa nao hazikuwepo. Maelezo yao ni kwamba bakteria wa baharini waliingia tumboni na nori mbichi, na bakteria wenyeji wakazichukua jeni zao. Ni jambo la kustaajabisha: mlo wa watu umewapa bakteria wao silaha mpya.

Mwani wa Zanzibar, unaolimwa kibiashara tangu 1989, hasa na wanawake wa vijiji kama Paje na Jambiani, ni wa jamii nyingine, na zao lake ni karagenani, utomvu unaokazia dawa ya meno na aiskrimu. Wakulima wengi huukausha na kuuuza badala ya kuula. Karagenani ya kwenye aiskrimu inayoliwa Mikumi au Kilosa hupita tumboni karibu kama ilivyoingia.