Ira Aldridge (3): Mwana wa Muuza Mabua

Denzel Washington alipopanda jukwaani Broadway mwaka 2025 kuigiza Othello, magazeti mengi yalishangaa bei ya tiketi: viti vizuri vilifika dola 921. Mimi nilivutwa na jambo lingine. Baba yake Denzel alikuwa mhubiri wa Kipentekoste na mama yake alikuwa na saluni, na kijana mwenyewe alizaliwa Mount Vernon, pua na mdomo na jiji la New York. Aldridge wetu, mtu mweusi wa kwanza kupata jina kubwa Ulaya kwa kuigiza Othello, naye alikuwa mtoto wa mhubiri, wa New York hiyohiyo. Tofauti ni kwamba Denzel humtaja baba yake hadharani. Aldridge alimbadilisha wake.

Waliofuatilia sehemu mbili zilizopita wanazo habari za Bwana Brown mwenye ukumbi, za mwigizaji wake James Hewlett, na za ule ukumbi wa maigizo wa Waafrika uliovamiwa na polisi. Leo narudi nyuma, nyumbani kwa kijana aliyejifunzia kazi pale.

Matangazo ya maonyesho yake Uingereza, pamoja na kijitabu cha maisha yake kilichotoka katikati ya karne ya 19, yalidai kwamba babu yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Wafula, kando ya mto Senegal, na kwamba mmisionari ndiye aliyemchukua baba yake akampeleka Marekani kusomeshwa. Hadithi tamu. Ina kiti cha enzi, ina damu, ina bahari. Kasoro yake ni moja tu: haikutokea.

Ira alizaliwa New York tarehe 24 Julai 1807. Baba yake aliitwa Daniel, mama yake Luranah. Walikuwa watu huru katika mji ambao bado ulikuwa na watumwa, maana sheria ya mwaka 1799 iliuondoa utumwa katika jimbo lile polepole mno, na waliobaki hawakufunguliwa hadi tarehe 4 Julai 1827. Daniel aliuza mabua mitaani, yale mabua makavu ya ngano ambayo watu walijazia magodoro na kutandikia farasi bandani. Jumapili alihubiri. Habari hizi hakuzizua adui. Aliziandika Dakta James McCune Smith mwaka 1860, mtu aliyesoma shule ileile na Ira kabla ya kwenda Glasgow na kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari.

Na hapa wahariri wanivumilie, kwa sababu nimefika kwenye shule.

Shule Huru ya Waafrika ilianzishwa mwaka 1787 na chama cha kupigania uhuru wa watumwa, ambacho wanachama wake walikuwa mabwana wakubwa kama John Jay na Alexander Hamilton (wengine wao wakiwa na watumwa nyumbani, lakini hilo tuliache kwanza). Mwaka 1820 lilifunguliwa jengo la pili, mtaa wa Mulberry, chini ya mwalimu Mwingereza, Charles Andrews. Alifundisha kwa mtindo wa Lancaster: mwalimu mmoja, watoto mamia, na wakubwa wakiwafundisha wadogo kwa zamu. Mtoto hakukaa kimya akisubiri mwalimu amfikie. Alichojifunza asubuhi alitakiwa akiseme mbele ya wenzake, kwa sauti, bila kutafuna maneno. Kisha ikaja siku ya mtihani wa hadhara. Wageni walialikwa, ramani zilizochorwa na watoto zikatundikwa, wasichana wakaonyesha kazi zao za sindano, na watoto mmojammoja wakasimama kukariri mashairi na kuigiza majibizano. Mwaka 1824 Jenerali Lafayette, shujaa wa vita vya uhuru wa Marekani, alipoitembelea shule hiyo, aliyesimama kumhutubia alikuwa huyohuyo McCune Smith, mtoto wa miaka 11.

Sisi nasi tulikuwa na ngonjera. Mzee Mathias Mnyampala alizitungia vitabu, na shule iliyokosa ngonjera siku ya wazazi ilionekana ina upungufu. Leo mtoto anamaliza darasa la saba akiwa bingwa wa kusiliba majibu, na ukimwambia asimame ajitambulishe mbele ya wageni anaangalia viatu. Nimelisema hili katika safu hii hadi wengine wamechoka kulisikia. Nitaendelea kulisema.

Basi sauti ya Aldridge ilitoka wapi? Kwangu, mimbari ya baba na ubao wa Andrews vinatosha kueleza, bila kuhitaji tone moja la damu ya kifalme kutoka Senegal. Baba alitaka mwanawe aende kanisani. Mwana alitaka jukwaa, akawa anabeba mavazi ya mwigizaji Henry Wallack ukumbini Chatham ili tu awe karibu na pazia, na mwaka 1824 akapanda meli kwenda Liverpool. Hakurudi Marekani tena.

Kwa nini basi alidanganya? Njaa ya soko. London ya wakati ule ingelipa zaidi kumtazama mwana wa mfalme wa Afrika kuliko kumtazama mtoto wa mchuuzi. Naielewa sababu, ila siisifu. Hata kwetu, mtu akishapata jina hukawii kusikia babu yake alikuwa chifu, au nasaba yake inafika Shiraz, na bibi aliyeuza vitumbua akamsomesha hatajwi popote. Aldridge alijiita Roscius wa Afrika, na Roscius yule wa Roma, mwigizaji aliyetetewa na Cicero mahakamani, alizaliwa mtumwa. Hilo halikuwekwa kwenye matangazo.

Lakini nyumbani kwake hakuthubutu kudanganya. Mwanawe wa kiume aliyezaliwa mwaka 1847 alimwita Ira Daniel, na binti aliyezaliwa mwaka 1860, ambaye baadaye alikuwa mwimbaji wa opera, akapewa jina la Luranah.

Kuhusu Denzel nilikusudia kuandika zaidi, nafasi imekwisha. Sehemu ijayo: Aprili 1833, mwigizaji Edmund Kean yu taabani kitandani, na Aldridge anapewa usiku mbili katika ukumbi wa Covent Garden.