Mvua Ikinyesha, Anzia Kazi Stoo

Mvua kubwa ikianza alfajiri, wakulima wengi wa Makueni huhesabu siku hiyo kuwa imepotea. Ni kweli kwamba shambani si pa kuingia. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushikamana, na ukikauka huwa mgumu hata mizizi ishindwe kupenya. Maharagwe nayo, yakiguswa majani yakiwa na maji, magonjwa husambaa kwa mikono na nguo kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Kwa hivyo palizi ingoje. Kazi ya kuanza nayo iko stoo.

Mahindi ya msimu wa vuli huvunwa Januari na Februari, na mengi huwa bado yako kwenye magunia masika yanapoingia mwezi wa Machi. Siku ya jua huwezi kujua paa linavuja wapi. Siku ya mvua utaona kwa macho yako. Ingia ndani wakati inanyesha, utazame mabati na kuta, uweke alama ya chaki kila panapopenya maji. Kisha pitisha mkono chini ya magunia na ubavuni. Gunia lenye joto au harufu ya uvundo litenge mara moja. Mengine yakae juu ya mbao, si sakafuni, na yawe mbali na ukuta kiasi cha nusu mita.

Jambo hili si dogo katika kaunti yetu. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi. Uchunguzi uliofanywa wakati huo ulihusisha maradhi hayo na mahindi yaliyowekwa nyumbani yakiwa na unyevu. Sumu hiyo hutolewa na kuvu, na haiishi kwa kupikwa. Wengine huona ni hasara kutupa mahindi yaliyooza, wakampa ng'ombe. Hilo nalo ni hatari, kwa sababu sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Kupima unyevu hakuhitaji mashine. Chukua chumvi, uikaange kidogo kwenye sufuria kavu (hewa ya mvua huilowesha), uiache ipoe. Itie kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na mahindi, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na yanahitaji kuanikwa tena jua likitoka, juu ya turubai. Isiponata, ni dalili nzuri, ingawa Halmashauri ya Nafaka na Mazao (NCPB) hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mifuko isiyopitisha hewa usiifungue siku kama hiyo bila sababu. Mahindi ya kula wiki hiyo ndiyo ya kuchambua: ondoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye kuvu.

Mvua ikipungua na kuwa manyunyu, tembea kando ya matuta yako ya fanya juu. Hapo ndipo utaona maji yanapovunja ukingo. Chomeka kijiti kila mahali, urudi na jembe baada ya siku mbili tatu udongo ukiwa haunati. Radi ikianza, rudi nyumbani, wala usijikinge chini ya mwembe.

Gata pia hukaguliwa vizuri zaidi wakati maji yanatiririka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 50 za mraba, ikipata milimita 20, hupokea lita 1,000, na kiungo kimoja kilichoachana kinaweza kumwaga sehemu kubwa yake. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaache yapite. Yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Saa zinazobaki ni za vifaa: kunoa jembe na panga kwa tupa, kubadilisha mpini uliopasuka, na kuosha bomba la kunyunyizia dawa, hasa tundu lake la mbele ambalo huziba. Maji ya kuosha bomba hilo yasimwagwe karibu na tangi.