Waranti ya nyongeza: Unanunua kinga au unanunua karatasi?

Mkishavutana bei ya televisheni mpaka mkakubaliana, muuzaji huwa amebakiza neno moja kabla hujatoa simu kulipia. “Bosi wangu, ongeza elfu themanini tu, upate waranti ya miaka mitatu. Ulale usingizi.” Neno hilo husikika zaidi katika maduka makubwa yenye viyoyozi, Dar es Salaam na Nairobi vilevile. Kwenye mauzo ya mtandaoni huja kimyakimya, kama kisanduku kidogo ambacho wakati mwingine unakikuta kimeshawekewa tiki.

Elfu themanini huonekana ndogo kwa sababu imesimama kando ya laki nane za televisheni. Mteja ambaye dakika tano zilizopita alikuwa anagombania punguzo la elfu kumi, sasa anaongeza mara nane ya pesa hiyo bila kuuliza kitu. Amechoka, ana haraka ya kufika nyumbani na mzigo wake, na hakuna anayependa kufikiria kwamba kitu kipya alichokishika mkononi kitakufa. Ndiyo maana ofa hii huletwa mwisho.

Kwa vifaa vingi na kwa kaya nyingi, pesa hiyo ni bora ibaki mfukoni. Hili halitokani na utapeli wa wauzaji, maana wengi wao wanauza kitu halali. Shida ni kwamba waranti ya nyongeza hufunika ubovu usiotokea sana, katika kipindi ambacho hautokei sana, na kuyaacha nje mambo yanayoua vifaa katika nyumba zetu. Ni sawa na kumlipa mlinzi wa mchana wakati wezi wa mtaa wako huja usiku.

Hesabu isiyofanywa kaunta

Chukua mfano wa televisheni ya inchi 43 inayouzwa shilingi 800,000 za Tanzania, na waranti ya nyongeza ya shilingi 80,000. Hiyo “miaka mitatu” isikuchanganye. Mwaka wa kwanza mara nyingi ni waranti ya mtengenezaji, nayo umeshailipia ndani ya bei. Kwa hiyo 80,000 yako inanunua mwaka wa pili na wa tatu tu, na unailipa leo kwa huduma inayoanza mwakani.

Sasa tuseme televisheni ikiharibika ndani ya miaka hiyo miwili, fundi atakutoza 150,000. Ili pesa yako irudi, uwezekano wa kuharibika katika kipindi hicho lazima uzidi nusu, tena uwe ni ubovu ambao waranti inaukubali. Aina ya televisheni ambayo zaidi ya nusu yake hufa kabla ya mwaka wa nne haifai kununuliwa waranti. Inafaa kuachwa dukani.

Wahandisi wanaijua vizuri tabia ya vifaa vya umeme. Vilivyotoka kiwandani na kasoro hujionyesha mapema, katika wiki na miezi ya mwanzo. Vilivyosalimika hapo hutulia kwa miaka kadhaa. Baadaye uzee huingia: betri hazishiki chaji, feni zinapiga kelele, kapasita zinavimba. Waranti ya mtengenezaji hufunika ile miezi ya hatari ya mwanzo. Ya nyongeza huangukia kwenye miaka ya utulivu, na mara nyingi humalizika kabla uzee haujabisha hodi.

Wenye maduka wanaijua hesabu hii kuliko sisi. Nchini Marekani, mwaka 2004 jarida la BusinessWeek liliripoti kwamba, kwa makadirio ya wachambuzi, faida yote ya uendeshaji ya kampuni ya maduka ya Circuit City ilitokana na waranti za nyongeza, na kwa mshindani wake Best Buy ilikaribia nusu. Yaani televisheni na redio zilikuwa chambo, waranti ndiyo biashara. Faida ya namna hiyo hupatikana pale tu wateja wanapolipa pesa nyingi kuliko zile zinazowarudia.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2003 Tume ya Ushindani ya huko ilichunguza biashara hii na kukuta kwamba ushindani wake ni dhaifu, kwa sababu mteja aliyesimama kaunta hana nafasi ya kulinganisha. Kanuni zilizoanza mwaka 2005 zikawataka wauzaji waonyeshe bei ya waranti pamoja na bei ya kifaa, ofa iendelee kuwepo kwa siku 30 ili mteja akafikirie nyumbani, na aliyenunua aruhusiwe kubadili mawazo ndani ya siku 45 na kurudishiwa pesa yake yote.

Herufi ndogo nyuma ya kadi

Igeuze kadi ya waranti usome upande wa nyuma, kwenye maandishi ambayo huhitaji miwani. Orodha ya “haihusu” huwa ndefu kuliko ya “inahusu”. Haihusu kuanguka wala kupasuka kioo. Haihusu maji, radi, wala umeme kupanda na kushuka. Haihusu wadudu, jambo linaloonekana la mzaha mpaka fundi afungue mfuniko na kukuta mende wamezaliana juu ya bodi yenye joto, au mjusi aliyeungulia kwenye saketi. Haihusu kifaa kilichofunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, na stika ndogo iliyobandikwa juu ya skrubu ndiyo shahidi.

Halafu kuna sharti la matumizi ya nyumbani. Televisheni ikifungwa kwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mpira, au friji ikikaa gengeni kuuza maji baridi, waranti nyingi zinahesabu hiyo ni biashara na kujitoa. Hao ndio wanaokifanyisha kifaa kazi kutwa kucha, na ndio wanaoachwa nje.

Kwenye friji ziko stika zinazotangaza waranti ya miaka 10. Soma neno linalofuata: kompresa. Miaka hiyo kumi ni ya kompresa peke yake. Gesi ikivuja, bodi ikiungua, mpira wa mlango ukilegea au kidhibiti joto kikigoma, unarudi kwenye waranti ya kawaida, ambayo mara nyingi ni ya mwaka mmoja. Hata kompresa yenyewe, wakati mwingine unapewa kifaa tu, na ufundi, gesi na usafiri ni juu yako.

Kinachoonekana kwenye meza ya fundi

Televisheni nyingi za LED zinazopelekwa kwa fundi zina sauti lakini hazina picha. Fundi huiwasha, huzima taa ya kibanda chake, kisha humulika kioo kiubavu kwa tochi ya simu. Akiona vivuli vya watu vikitembea ndani ya giza, anajua kioo ni kizima na kilichokufa ni taa za nyuma, zile balbu ndogo zilizopangwa kwa mistari. Huilaza televisheni kifudifudi juu ya blanketi, hufungua skrubu moja baada ya nyingine, hunyanyua kioo kwa mikono miwili kama anayebeba karatasi iliyolowa, hupima mistari ya taa mmoja mmoja, na kubadilisha iliyoungua. Kazi hiyo mara nyingi huisha siku hiyohiyo, kwa sehemu ndogo ya bei ya televisheni.

Kinachomtisha fundi ni kile kioo alichokinyanyua. Kikipata ufa, hana la kufanya, kwa sababu kioo kipya hukaribia bei ya televisheni mpya. Na kioo kilichopasuka ndicho cha kwanza kwenye orodha ya “haihusu”.

Hapo ndipo biashara nzima inapojifunua. Ubovu wa bei nafuu unaweza kuumudu mwenyewe kwa fundi wa mtaani. Ubovu wa kukufilisi, waranti haiutaki. Katika nchi ambako saa moja ya fundi ni ghali kuliko spea, waranti inaweza kuleta unafuu. Sisi tuna Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi, ambako spea zinapatikana na mafundi wapo wa kumwaga.

Aliye mbali na jiji aongeze hesabu nyingine. Kituo cha huduma kikiwa Dar es Salaam na wewe uko Kigoma, televisheni itapakiwa kwenye boksi lake (kama hukulichoma), isafirishwe kwa basi kwa gharama yako, isubiri ukaguzi, kisha irudi kwa barabara zilezile. Nauli ya mzigo na hatari ya kioo kupasuka njiani vinaweza kuzidi ujira wa fundi wa mjini kwenu.

Adui ni umeme

Vifaa vyetu vimetengenezwa kwa umeme wa volti 230 hivi. Unaofika ukutani hauheshimu kiwango hicho kila saa. Hatari kubwa huja umeme unaporudi baada ya kukatika: unarudi kwa kishindo, unapiga bodi ya televisheni, au unailazimisha kompresa ya friji kuwaka wakati shinikizo la gesi ndani ya mabomba halijasawazika. Kompresa hugoma, hupata moto, na ikirudia hivyo mara nyingi huungua.

Kinga yake inauzwa duka hilohilo, rafu ya pembeni. Kilinda friji, ambacho wengi wanakiita fridge guard, hukata umeme ukizidi au ukipungua, na ukirudi huchelewa dakika chache kabla ya kuuruhusu upite. Kuna cha televisheni pia. Bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi, kinafanya kazi kuanzia siku ya kwanza, na kinazuia kifo ambacho waranti imekataa kukilipia. Kama unataka kutumia pesa ya ziada kaunta, anzia hapo.

Waranti uliyonayo tayari

Wengi hununua ya pili bila kuijua ya kwanza. Tanzania ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Zote zinamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaokubalika na inayofaa kwa kazi yake. Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 imeifafanua. Bango la “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” lisikufanye uondoke na friji isiyogandisha. Kwa Tanzania, anayekataa kusikiliza anaweza kushtakiwa FCC.

Lakini haki bila ushahidi haifiki mbali. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto. Ukiiweka kwenye droo ya jikoni au dashibodi ya gari, baada ya miezi kadhaa utabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyohiyo, pamoja na kadi ya waranti na namba ya kifaa, ujitumie kwenye barua pepe. Hakikisha kadi ina mhuri wa duka na tarehe.

Kwa simu, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, kisha, kama uko Tanzania, itume kwenda 15090 uone kama inalingana na ulichouziwa. Usiku wa Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia, na hakuna kadi ya waranti iliyozifufua. Na vifaa vinavyoletwa na ndugu kutoka Dubai, uliza kabla: waranti nyingi ni za eneo kifaa kilipouzwa, na kituo cha hapa kinaweza kukukatalia hata kama jina la kampuni ni lilelile.

Wakati wa kusema ndiyo

Wapo wanaopaswa kununua. Bima ina maana pale hasara moja inapoweza kukuangusha. Mwanafunzi wa chuo ambaye kompyuta mpakato yake ndiyo pekee ya kuandikia utafiti, na hana wa kumwomba ikianguka, akipata kinga inayofunika ajali na maji kwa bei ya wastani, anunue. Mpiga picha wa harusi vilevile, au mwenye duka la samaki ambaye friji ikizima siku mbili mtaji umeoza, mradi karatasi iseme wazi kwamba matumizi ya biashara yamekubaliwa. Kinachowafaa hawa ni kinga ya ajali na kupewa kifaa mbadala haraka, siyo miaka ya kuongeza juu ya kasoro za kiwandani.

Wengine tufungue kibubu. Zile 80,000 za televisheni, 30,000 za simu na 60,000 za friji zikiwekwa pamoja ni 170,000, na mfuko huo mmoja unahudumia kifaa chochote kitakachoanza kuharibika, kwa ubovu wowote, ukiwemo wa mende. Kisipoharibika, pesa ni yako.

Muuzaji akikupa ofa, muulize mambo manne. Nani analipa: duka, mtengenezaji, au kampuni ya bima, na ofisi yake iko wapi? Inaanza lini? Umeme na kuanguka vimo? Na ikishindikana kutengenezwa napewa kipya, pesa, au vocha ya duka hilihili? Mwambie akuonyeshe majibu yote manne kwenye maandishi kabla ya kulipa. Akikujibu kwa mdomo tu, chukua televisheni yako, ongeza kilinda umeme, na umshukuru kwa kukupunguzia bei.