Safari ya Shanta: Namna ya Kupanga Mzunguko wa Afrika Mashariki kwa Kibindo Chembamba

Wahenga walinena kuwa msafiri maskini ajapokuwa sultani. Iwapo sultani mwenyewe huhesabiwa maskini akiwa njiani, basi hali ya mwanafunzi anayetegemea mkopo wa HELB na akiba ya vibarua vya likizo haihitaji kuelezwa. Hata hivyo, wanafunzi wa Kiswahili huandika tasnifu kuhusu lahaja, istilahi na sera za lugha za nchi ambazo wengi wao hawajawahi kuzikanyaga. Wanaijua Kigali kwa ramani, Tanga kwa maisha ya Shaaban Robert, na Kampala kwa uvumi kwamba Waganda hawakitaki Kiswahili. Kinachowazuia aghalabu si umbali, bali ni dhana kwamba safari ya nchi kadhaa ni anasa ya watalii wa ng'ambo wenye mikoba mikubwa mgongoni. Makala haya yanaeleza jinsi mwanafunzi wa Kenya anavyoweza kuipanga safari hiyo kwa basi, kivuko na garimoshi, na mahali ambapo mipango ya aina hii huvunjikia.

Jambo la kwanza ni kuchagua njia isiyorudi nyuma. Anayekwenda Kigali kisha akarudi Nairobi ili aende Dar es Salaam hulipa nauli ya barabara moja mara mbili. Mzunguko ulio bora huanzia Nairobi, ukapitia Busia hadi Kampala. Kutoka hapo huelekea Masaka na Kabale, ukavuka Gatuna na kuingia Kigali. Kutoka Kigali, basi hushuka hadi daraja la Rusumo, likaingia Tanzania na kupita Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro hadi Dar es Salaam. Baada ya kuvuka bahari kwenda Unguja na kurudi, msafiri hupanda kaskazini hadi Tanga, akavuka Horohoro na Lunga Lunga, akafika Mombasa. Mzunguko huu una zaidi ya kilomita 3,500. Sehemu iliyo ngumu ni ile ya Kigali hadi Dar es Salaam, ambayo huchukua zaidi ya siku nzima ndani ya basi. Mwenye busara huikata katikati kwa kulala Kahama au Dodoma, hata kama gharama ya malazi itaongezeka.

Burundi haimo katika njia hii, na sababu yake inafaa kuzingatiwa na kila mpangaji. Mnamo Januari 2024 Burundi iliifunga mipaka yake na Rwanda. Kabla ya hapo, kituo cha Gatuna baina ya Rwanda na Uganda kilifungwa mwanzoni mwa 2019, kikafunguliwa tena Januari 2022. Nayo Goma, ambako mpenzi wa lahaja angetamani kukisikia Kiswahili cha Kongo, ilitwaliwa na waasi wa M23 mnamo Januari 2025. Ramani, basi, haitoshi. Hali ya kila mpaka huulizwa katika ofisi za mabasi juma moja kabla ya safari, kwa kuwa wenye mabasi hupata habari hizo mapema kuliko wengi. Mwenye hamu ya Kiswahili cha Kongo anaweza kufika Gisenyi, upande wa Rwanda, akawasikiliza wachuuzi wa mpakani pasipo kuvuka.

Kuhusu hati, Mkenya amepata nafuu kubwa. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mapatano hayo. Mzunguko huu kwa hiyo unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Asafiriye na pasipoti ahakikishe kuwa imegongwa muhuri pande zote mbili za kila mpaka, kwani muhuri unaokosekana Busia hudaiwa Gatuna. Pamoja na hati hiyo awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo yenyewe hudungwa siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka mpaka, na tangu Julai 2016 cheti chake hudumu maisha yote. Wapo wanaokumbuka cheti wakiwa wamekwisha kukata tiketi; hao ndio wanaobaki mpakani wakibembeleza. Kitambulisho cha chuo nacho kisiachwe nyumbani, na uraia wa Afrika Mashariki utajwe kila langoni, kwa sababu mbuga nyingi huwa na kiingilio cha chini kwa wenyeji wa kanda hii.

Kalenda nayo huweza kumla mtu fedha. Nchini Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda: kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi watu hufanya kazi za jamii na uchukuzi husimama. Tarehe 7 Aprili huanza juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994, na si wakati wa kufika kwa matembezi. Unguja, bei ya vyumba hupanda mwezi wa Februari wakati wa tamasha la Sauti za Busara, na katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana. Rwanda iko nyuma ya Kenya kwa saa moja, na ukishavuka Gatuna magari huendeshwa upande wa kulia. Anayevuka barabara ya Nyabugogo kwa mazoea ya Nairobi na akumbuke hilo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, hivyo nguo zifungwe kwa kitambaa.

Sasa fedha. Kosa la kawaida ni kuigawa jumla ya fedha kwa idadi ya siku na kudhani kuwa hesabu imekwisha. Hesabu iliyo salama huanzia mwisho: kwanza hutengwa nauli ya kurudi nyumbani kutoka mahali palipo mbali zaidi katika mzunguko, nayo huhesabiwa kana kwamba haipo. Kisha huondolewa nauli zote zinazojulikana. Kinachosalia ndicho hugawanywa kwa siku. Chukulia kwamba mwanafunzi ana shilingi 45,000 za Kenya na siku 20. Akitenga 8,000 za dharura, na nauli zote pamoja na kivuko zikawa 17,000, husalia 20,000. Iwapo usiku wa siku nne utapita ndani ya magari, atalipia malazi ya siku 16. Akilala kwa wastani wa 600, malazi yatachukua 9,600, na chakula kibakiwe na 10,400, yaani 520 kwa siku. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini zinaonyesha kwamba safari ya usiku ni malazi pia. Nchini Tanzania jambo hili halikuwezekana kwa miaka mingi, kwa kuwa mabasi yalikatazwa kusafiri usiku hadi yaliporuhusiwa mwaka wa 2023. Hata hivyo, usalama wa usiku si sawa na wa mchana, na msafiri wa kike hasa asiruhusu akiba ya shilingi 600 imfikishe mji asioujua saa tisa za usiku.

Wawili wakisafiri pamoja chumba kimoja huwatosha, na hilo ndilo punguzo kubwa kuliko yote. Ama kuhusu ubadilishaji wa fedha, mpakani hubadilishwa kiasi cha chakula cha kwanza na nauli ya kufikia mjini. Kiasi kikubwa husubiri maduka ya fedha ya mjini. Masalio ya shilingi za Uganda yabadilishwe Gatuna, na ya faranga Rusumo, kwa maana kadiri yanavyokwenda mbali na kwao ndivyo yanavyopoteza thamani. Mabasi ya mikoani ya Dar es Salaam hushusha abiria katika kituo cha Magufuli, Mbezi, mbali na bandari. Nauli ya kutoka hapo hadi kivukoni huwa haimo katika bajeti za wengi.

Lugha ni akiba nyingine, na hapa mwanafunzi wa Kiswahili anamshinda mtalii yeyote. Lakini ajihadhari: Kiswahili cha Nairobi kina sauti ya amri. Mkenya husema "nipe chai" bila nia mbaya, naye mama ntilie wa Tanga humwona hana adabu. "Naomba chai", ikitanguliwa na "shikamoo" kwa aliyemzidi umri, huweza kuongeza hata kipande cha samaki. Matatu ni daladala, tuktuk ni bajaji, na lojing'i ni gesti. Akiambiwa "buku" ajue ni shilingi 1,000 za Tanzania, ambazo hazifiki 60 za Kenya. Tiketi iliyoandikwa saa 12 ulizia kama ni alfajiri au adhuhuri. Wapo walioachwa na basi kwa kuisoma kwa Kiingereza. Kampala hali ni tofauti. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka wa 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, ila kwa mwenye duka Kiingereza au Luganda ndizo hupata bei nzuri. Hilo lenyewe ni somo la sera ya lugha lisilopatikana maktabani.

Hapo ndipo hatari moja hujificha. Kusikiliza sokoni si sawa na kukusanya data. Mwanafunzi anayetaka kurekodi mahojiano kwa ajili ya tasnifu huhitaji kibali cha utafiti: COSTECH kwa Tanzania Bara na UNCST kwa Uganda, huku Zanzibar ikiwa na utaratibu wake. Vibali huchukua muda na huhitaji ada. Anayepuuza jambo hili huweza kurudi na kanda zilizojaa na sura ya tatu ya tasnifu ambayo haiwezi kutetewa. Ikiwa kibali hakipo, safari na iwe ya kujifunza, kutembelea TATAKI katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuwafahamu wahadhiri watakaosaidia safari ya pili.

Kivuko cha Unguja huenda kwa takriban saa mbili, na pasipoti huulizwa tena bandarini ingawa nchi ni moja. Ibaki mfukoni, isizikwe chini ya shanta. Bei ya mwenyeji na ya mgeni hutofautiana, na swali la wapi Mkenya anahesabiwa liulizwe katika dirisha la tiketi, si kwa madalali wanaozunguka nje. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni mwendo wa asubuhi hadi alasiri, na kutoka Tanga mpaka wa Horohoro u karibu. Mombasa, garimoshi la SGR ndilo la bei nafuu: nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024. Tiketi hukatwa siku kadhaa mapema, hasa wakati wa likizo. Stesheni zake, Miritini na Syokimau, ziko nje ya miji, kwa hiyo sarafu za matatu mbili za mwisho zitengwe tangu Nairobi.